Ndoo Nane za Nyanya

Saa nane mchana, Jumapili, Kinanda alikuwa amechuchumaa kibarazani akiokota majani ya manjano yaliyodondoka chini ya ndoo nane za nyanya. Aliokota la kwanza, la pili, la kumi, akayafikicha mkononi kwa hasira na kuyatupa nje ya ukuta. Saa tisa mwanaume aliyempenda angebisha pale getini, kuja kuchukua jibu la posa yake. Na kwa jinsi nyanya zile zilivyonyong'onyea, jibu lilikuwa linajulikana hata na paka wa jirani.

Ngoja nieleze, maana mtu asiyejua mwanzo wake atadhani nyumba ile ilikuwa ya wendawazimu. Miezi miwili na nusu nyuma, wazee wa mwanaume huyo walikuja kuposa. Yeye mwenyewe aliuza miche kando ya barabara, miche ya matunda, ya mboga na ya maua, na mtaa mzima ulimwita Bwana Miche. Shangazi yake Kinanda, ambaye tangu kaka yake, baba wa Kinanda, afariki ndiye aliyeshika usukani wa nyumba, alikunja uso toka salamu ya kwanza. Yeye alikuwa na mtu wake, daktari wa meno, mtanashati, mwenye koti jeupe na gari.

"Yule kila nikicheka anahesabu magego yangu," Kinanda alimwambia mama yake. Mama akacheka kimya kimya. Mbele ya wifi yake Mama hakuwa na sauti, wala hakuwahi kuitafuta.

Sasa Baba Mkubwa, kaka mkubwa wa marehemu, mtu asiyependa ugomvi wala kuchelewa kupata chai, akataka kupoza mambo kwa mzaha. "Kijana unasema unajua kulea," alimwambia Bwana Miche. "Haya, tupandie nyanya hapa kibarazani. Zikizaa, tutazungumza." Watu wote wakacheka. Shangazi hakucheka. Alilidaka neno lile juu kwa juu, na tangu siku hiyo mzaha ukawa sheria. Zikizaa, binti anaolewa. Zisipozaa, kila mtu ashike njia yake. Na mposaji asikanyage tena pale mpaka siku ya jibu, kwa kuwa mtu ambaye hajakubaliwa hazoei mlango wa watu.

Bwana Miche hakubishana. Alileta ndoo nane za rangi, akazitoboa chini matundu matano matano kwa msumari wa moto, akajaza udongo, akapanda. Kabla hajaondoka alimwita Kinanda pembeni.

"Usizipe maji kwa kuzionea huruma," alimwambia. "Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, zipe kikombe. Kikitoka na unyevu, ziache, hata kama zinakulilia."

"Na mimi je? Nikilia?"

Alimtazama kwa yale macho yake ya taratibu, yasiyokuwa na haraka hata ya kupepesa. "Wewe ukilia nitakuja mbio," alisema. Jamani, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mshonaji wa magauni ya harusi anayeogopwa na mabibi harusi wa mji mzima, alirudi ndani akagonga mlango kwa paji la uso.

Mwezi wa kwanza nyanya zilikwenda vizuri. Zikatoa maua, zikatoa vijitunda kama shanga. Halafu majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Vijitunda vikadondoka kimoja kimoja. Kinanda akaingiwa na hofu, na kidole akakisahau. Kila jioni akitoka kwenye chumba chake cha kushonea alizipa maji, kidogo tu, alijidanganya, na kidogo nyingine. Na kila alipopita barabarani kwenye miche, mwanaume alipouliza, "Zinaendeleaje?" alijibu, "Nzuri tu." Alimwongopea mara sita. Aliona aibu kusema kwamba posa yao inamfia mikononi.

"Umeshaziaga?" Sauti ya Shangazi ilitokea mlangoni. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani la shughuli, mkono kiunoni. "Maana naona kama msiba."

"Hazijafa, Shangazi."

"Mwanangu, mimi sina ubaya na yule kijana. Ila kuna watu wana mkono, na kuna watu hawana. Mtu aliyeshindwa kulea nyanya, ambayo ndiyo kazi yake, mke na watoto atawaweza wapi? Mungu amekuonyesha mapema. Shukuru."

"Nitashukuru nikishaolewa."

"Na mdomo huo!" Shangazi akapiga kofi hewani. "Bibi yako hakukosea kukuita Kinanda. Ulizaliwa unalia, unakua unasema, na sijui siku gani utanyamaza watu wapumzike."

*

Bwana Miche alifika saa tisa kamili, peke yake, kwa kuwa wazee wake hawakutaka kuja kukataliwa mara mbili. Shati jeupe, limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mikono ameisugua, lakini udongo wa miaka kumi na mitano hautoki kwenye kucha kwa sabuni ya asubuhi moja. Aliwasalimia wakubwa kwa heshima, mmoja mmoja. Kinanda, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, alisalimiwa kwa macho tu. Macho hayo yalimtosha na hayakumtosha.

Walikaa palepale kibarazani, ndoo zikiwa zimepangwa ukutani kama washtakiwa. Shangazi ndiye aliyetaka iwe hivyo.

"Kijana," Baba Mkubwa alianza, akikwepa kumtazama. "Ee... mambo yenyewe unayaona."

"Nayaona, Mzee. Naomba niziangalie."

Akainuka. Akainama kwenye ndoo ya kwanza, akachomeka kidole. Kinanda alikuwa hatua tatu tu, aliona kila kitu. Kidole kilizama bila kizuizi kama kimeingia kwenye uji, na kilipotoka kilikuwa kinachuruzika maji meusi. Mwanaume akakitazama. Akaenda ndoo ya pili, ya tatu. Akainyanyua ya nne kidogo kwa upande, akachungulia chini, akabaki hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuangalia ndoo. Kisha akairudisha polepole, akatoa leso, akafuta kidole, akaificha leso mfukoni.

Hapo moyo wa Kinanda ukapiga pa! Huyu mtu amejua. Amejua kilichoua nyanya hizi.

Bwana Miche alirudi kitini. "Wazee wangu," alisema kwa sauti ya chini, "neno lilikuwa zikizaa. Hazikuzaa. Mimi sina la kuongeza. Nawashukuru kwa kunivumilia."

Shangazi akashusha pumzi ya ushindi. "Umesema kiungwana. Basi mambo..."

"Ngoja!" Kinanda alikuwa ameshatoka nyuma ya kiti. "Wewe! Umeona nini chini ya ile ndoo?"

"Hakuna kitu."

"Unaniongopea mchana kweupe?"

"Binti, kaa chini," Baba Mkubwa alisema. "Mambo haya yanazungumzwa na wakubwa."

"Wakubwa wanazungumza nini, Baba Mkubwa? Naona mmoja anafukuza, mmoja anaogopa, mmoja ananyamaza, na huyu anayeposa anaaga! Anayeolewa hapa ni nani? Ni ndoo?"

Mama yake alimshika mkono. Kinanda akautoa mkono ule kwa upole, maana mama hakumkosea, akamsogelea mwanaume mpaka viatu vyao vikakaribia kugusana. Tangu wapendane hawakuwahi kukaribiana hivyo mbele ya watu.

"Niambie," alisema.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Mwanaume akainua macho. Yalikuwa yamepoa kama majivu. "Siwezi kusimama kwenye nyumba ya watu, mbele ya mama yako, nikawaambia wakubwa kwamba wamekosea. Sikulelewa hivyo. Afadhali nionekane sina mkono."

"Afadhali!" Kinanda alirudia neno lile kama limemwunguza ulimi. "Afadhali unipoteze?"

Hakujibu. Na kutojibu kule ndiko kulikomwasha Kinanda kuliko maneno yote ya shangazi yake. Aligeuka, akaikamata ndoo ya nne kwa mikono miwili, akaipindua katikati ya kibaraza. Puu! Udongo ukamwagika mzito kama tope la mtaroni, maji yakakimbilia kwenye viatu vya Baba Mkubwa, na harufu ikapanda, harufu ya kitu kilichooza siku nyingi. Mizizi ya nyanya, iliyotakiwa kuwa myeupe, ilikuwa ya kahawia na laini. Aliigusa ikakatika.

"Kibaraza changu!" Shangazi alipiga yowe. "Nimekideki asubuhi hii!"

Kinanda hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama kitako cha ndoo. Yale matundu matano yalikuwa yamezibwa, na kilichoyaziba kilikuwa kitambaa chekundu cha hariri, kimekunjwa vizuri na kusokomezwa kwa kisu. Alikivuta kipande kimoja. Alikifahamu. Kilikuwa kipande cha bitana ya gauni la harusi alilolishona mwezi uliopita, masalio aliyoyaweka kwenye kapu chini ya cherehani.

Akakinyanyua juu. "Nani aliingia kwenye kapu langu?"

Nzi mmoja alipita akaona mambo mazito, akaondoka.

"Mimi," alisema Shangazi hatimaye, kidevu juu. "Ndiyo, mimi. Maji meusi yalikuwa yanatiririka kila siku kwenye saruji yangu, nasugua mpaka kiuno kinalia. Nikaziba. Nani aliniambia kwamba mmea unataka kukojoa?"

Baba Mkubwa alikohoa. Alikohoa tena. "Sasa kama yamezibwa... na mimi ile ndoo ya maji niliyokuwa nazimwagia mchana..."

Watu wote wakamgeukia.

"Ulikuwa unazimwagia wewe, Kaka?" Shangazi aliuliza.

"Niliona zimesinyaa! Nilikuwa nikija kunywa chai naziona zimeinamisha vichwa, roho inaniuma. Mzaha ulikuwa wangu. Sikutaka kijana wa watu aumbuke kwa mzaha wangu."

"Na mimi," Mama alisema, kwa sauti ndogo sana, macho yake mapajani. "Alfajiri. Kabla hamjaamka. Nilitaka zizae."

"Mama..." Kinanda alisema.

"Nilitaka zizae, mwanangu. Kwa ajili yako."

Kinanda akamgeukia shangazi yake polepole. Shangazi alikuwa anaangalia ukuta.

"Shangazi?"

"Nini?"

"Na wewe ulimwagia?"

"Mara chache tu." Kisha akafoka, "Mnanitazama nini? Mnadhani mimi ni mchawi? Nilitaka zisizae, sikutaka zife!"

Wakati mwingine wowote Kinanda angecheka mpaka akae chini. Leo hakucheka. "Na mimi ni wa nne," alisema. "Mimi nilifundishwa kidole, nikakisahau. Nilimwagia kila jioni. Na wewe," akamwambia mwanaume, "nilikuongopea mara sita kwamba ziko nzuri."

"Kwa nini hukuniambia?" Bwana Miche aliuliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. "Ningekwambia la kufanya ndani ya dakika moja."

"Niliogopa. Nilidhani ukijua zinakufa utakata tamaa. Na tazama! Umekuja, umejua kwamba kosa si lako, umekata tamaa vilevile!"

"Sikukata tamaa. Niliheshimu."

"Heshima gani hiyo inayoniacha mimi peke yangu? Sikiliza, mwanaume. Ukinyamaza leo kwa ajili ya wakubwa, kesho nikionewa mbele ya ndugu zako utanyamaza pia, utaita heshima. Mimi sitaki mume wa kunyamaza. Kama huna mdomo, sema sasa hivi, nikamkubali huyo wa kuhesabu meno, angalau yeye midomo ya watu anaifungua!"

Baba Mkubwa alitaka kucheka akajizuia. Akainua mkono. "Haya, basi. Yamekwisha. Nimeona kosa ni letu sote. Kwa haki, tumpe kijana nafasi nyingine. Apande upya, tusimzibie, tusimwagie ovyo. Miezi miwili, mitatu, tukae tena."

"Hilo la haki," Shangazi alisema haraka. "Neno ni neno. Zikizaa."

Na hapo ndipo palipoharibika, au palipotengemaa, inategemea ulikaa upande gani. Kwa sababu Kinanda alimwona mwanaume wake akifikiria. Akamwona anapiga hesabu ya majira, ya udongo, ya mbegu ipi inazaa mapema. Alikuwa anakaribia kukubali.

"Hapandi," Kinanda alisema.

"Binti!"

"Hapandi, Baba Mkubwa. Shikamoo yako ipo palepale, lakini hapandi. Miaka kumi na mmoja nawashonea wenzangu magauni ya harusi. Nimewabana viuno, nimewapunguza, nimewaongeza, wengine wameshazaa wanarudi niwashonee na ya wadogo zao. Sijawahi kumwona hata mmoja aliyesubirishwa mpaka mboga ikubali."

"Mchagua nazi hupata koroma," Shangazi alisema.

"Nimeshachagua, Shangazi. Koroma au si koroma, nitalikuna mwenyewe."

Bwana Miche akasimama. Alikuwa mrefu kuliko walivyomzoea, labda kwa kuwa muda wote alikuwa ameinama. Akaishikanisha mikono nyuma.

"Mzee," alimwambia Baba Mkubwa. Akameza mate. "Mzee, mlikosea."

Baba Mkubwa akajiweka sawa kitini.

"Mlikosea siku ile ya kwanza, na mimi nilikosea kukubali. Kama ni nyanya, ningewaletea kikapu kizima kesho yake, ninazo. Nilikuja kuomba mtu. Mtu hapimwi kwenye ndoo. Sipandi tena. Nampenda mwanamke huyu, nina kazi yangu, nina vyumba vyangu viwili, na usiku silali nikimfikiria. Nilikuwa tayari kuondoka ili msidharaulike. Amenikataza, na ana haki. Siondoki."

Kinanda alimtazama, na kila kitu ndani yake kikalegea. Alitamani amshike ile mikono michafu mbele ya dunia nzima. Hakumshika, lakini hakurudi nyuma pia, akabaki amesimama ubavuni kwake, viganja vyao vikitengwa na unene wa karatasi.

"Jumamosi ijayo wazee wake wanakuja," alisema. "Mkiwapokea, nitawabusu miguu. Msipowapokea nitawapokea mwenyewe, kwenye chumba changu cha kushonea. Watakaa juu ya majora ya vitambaa."

Shangazi alicheka, kicheko kikavu cha mtu anayejua ameshika karata ya mwisho. "Utawapokea mwenyewe! Na nani atakaa upande wa mwanamke? Maana mimi siji. Na Kaka haji nisipokuja mimi, au nimesema uongo?"

Baba Mkubwa alitazama viatu vyake vilivyolowa tope.

"Umeona? Hakuna binti anayejiozesha, mwanangu. Mwanamke asiye na mtu wa kukaa upande wake, huyo haolewi, huyo anajipeleka. Wazee wa kijana wenyewe watageuza wakiona viti vitupu. Sasa niambie, kinanda changu, upande wako atakaa nani?"

Kinanda alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, neno halikuja. Aliangalia mwanaume, mwanaume akaangalia chini, maana hilo hata yeye hakuwa na dawa yake.

Kiti kikalia. Mama alikuwa anainuka. Aliinuka taratibu, akishika goti lake bovu, akakusanya gauni lake lisiguse tope. Alipita mbele ya shemeji yake bila kumwomba radhi. Alipita mbele ya wifi yake, ambaye kwa miaka yote ile Mama hakuwahi kumjibu hata neno moja, mpaka watoto wa jirani walidhani Mama ni bubu akiwa naye. Alipofika kwa binti yake akaukamata mkono wake, ule ule alioutoa Kinanda muda mfupi uliopita, akamsimamisha ubavuni kwake kwa nguvu ambazo Kinanda hakujua kama mama yake anazo.

"Wifi," alisema Mama, "upande wa mwanamke nitakaa mimi. Na kiti chako nitakiweka karibu yangu. Ukija utakikalia. Usipokuja, nitaweka mkoba wangu."